Kwanini rangi ya geti inabanduka na kitambaa cha plastiki kinaganda mezani

Mwezi wa sita nilipanda Kibosho kwa shangazi, Moshi kule juu, na kabla hata sijakaa akanishika mkono akanirudisha nje. "Shikamoo shangazi." "Marahaba baba, njoo kwanza uone kazi yako, chai utakunywa baadaye." Geti nililomtengenezea mwenyewe hapa karakana kwangu Unga Limited, Arusha, likapakiwa kwenye Canter mpaka kwake, halijamaliza hata miaka miwili na rangi inatoka vipande vipana kama ganda la kitunguu. Unashika ncha, unavuta, inakuja yote, na chini yake bati linang'aa jeupe kama limetoka dukani jana, hamna kutu hata ya dawa. Sasa ajabu ni kwamba ilikuwa inatoka kwenye zile shiti bapa za katikati tu. Kwenye fremu ya skwea paipu, rangi ileile, brashi ileile, siku ileile, imeng'ang'ania mpaka uikwangue na kisu.

Tukaingia ndani akanionyesha balaa la pili, ambalo nashukuru sio langu. Meza yake ya mninga ilipigwa vanishi na fundi wa hapohapo mtaani, juu yake akatandika kile kitambaa cha plastiki chenye maua ambacho kila nyumba kipo, na siku alipotaka kukitoa akioshe kikawa kimeganda. Alivyovuta kwa nguvu mgongo wa kitambaa ukabaki mezani na vanishi ikaondoka kwa mabaka.

"Wewe si ndo mtu wa rangi? Nieleze basi, kwanini kule haishiki na huku inashika kupita kiasi."

Nilicheka ila swali lilinikaa, kwasababu majibu yote mawili yako ndani ya kopo, na ni sehemu ya kopo ambayo wateja hawaiulizi kabisa. Mtu anakuja dukani anauliza rangi gani, shilingi ngapi, lita ngapi, inang'aa au haing'ai. Hajawahi kuja mtu akaniuliza hii resini yake ni ipi na imelainishwa na nini.

Kopo la rangi ya chuma lina vitu vinne. Kuna pigimenti, ule unga unaotoa rangi na kuzuia mwanga. Kuna thina, kazi yake ni kuisaidia rangi itembee kwenye brashi au kwenye gani ya kupulizia halafu inaruka hewani inakwenda zake. Kuna vikorombwezo kidogokidogo, vya kuzuia povu, vya kukausha, vya kuzuia isitengeneze utando koponi. Halafu kuna resini, na hiyo ndo rangi yenyewe, hayo mengine ni abiria. Ile ngozi inayobaki juu ya chuma baada ya kila kitu kukauka ni resini imeshikilia pigimenti, na ndiyo inayozuia maji na hewa visikutane na chuma kwa fujo, kwasababu kutu inataka chuma, maji na oksijeni kwa pamoja, ukiweka chumvi ndo unaiongezea mbio.

Resini sio kitu cha ajabu huku kwetu, tena tulikuwa tunaiuza kabla ya viwanda vya rangi havijajulikana. Sandarusi. Ule utomvu wa msandarusi uliozikwa ardhini pwani miaka na miaka mpaka ukawa mgumu kama jiwe la njano, watu wanauchimba, unavushwa Zanzibar, na pale wafanyabiashara wa kutoka Salem, Massachusetts wanaununua pamoja na pembe za ndovu, wao wakileta kile kitambaa ambacho mpaka leo tunakiita merikani. Seyyid Said na Marekani walisaini mkataba wa biashara mwaka 1833 na sandarusi ilikuwa mojawapo ya mizigo iliyokuwa inawaleta. Walikuwa wanaenda kutengenezea vanishi, za samani na za magari ya kukokotwa na farasi.

Na hapa ndo somo lote linapoanzia. Sandarusi peke yake ni ngumu kweli, ila ni ngumu ya kioo, ukiigonga inapasuka. Kwa hiyo mafundi wa vanishi waliiyeyusha kwenye moto mkali halafu wakaichanganya na mafuta ya kitani. Vanishi ya kukaa nje kwenye mvua na jua wanazidisha mafuta ili ilegee, ya fanicha ya ndani inayotakiwa isuguliwe mpaka ing'ae wanapunguza. Yani tangu enzi hizo walishaelewa kwamba ugumu peke yake haulindi kitu, lazima uwepo ugumu na uwepo ulaini, na ujuzi wote ni kujua huo ulaini unautoa wapi na utakaa muda gani.

Ulaini ni nini sasa. Chukua ngozi mbichi ya ng'ombe, iwambe juani uiache, baada ya siku kadhaa inakuwa ubao, ukiikunja inalia. Wamasai na Waarusha dawa yake wanaijua, inapakwa mafuta, inasuguliwa, inakunjwakunjwa mpaka inalegea inavalika. Mafuta hayajaigeuza ngozi kuwa kitu kingine, yameingia tu katikati ya nyuzi zake, nyuzi zikapata nafasi ya kuteleza. Resini nayo ni hivyohivyo, ni minyororo mirefu ya molekuli imelaliana kama tambi zilizopoa kwenye sufuria. Kila resini ina joto lake, chini ya hapo tambi zimegandana na rangi inakuwa kama kioo, juu ya hapo zinaanza kuteleza na rangi inakuwa kama mpira. Ukiingiza katikati yake molekuli ndogo isiyokauka haraka, lile joto linashuka, kwa hiyo rangi inabaki laini hata kukiwa na baridi. Hiyo molekuli ndogo ndo wataalamu wanaiita plastisaiza, mimi nitaiita kilainishi.

Utasema geti halikunjwi kama ngozi, la nini ulaini wote huo. Linakunjwa bana, hulioni tu. Chuma kikipata joto kinarefuka, mita moja inaongezeka kama maikromita 12 kwa kila nyuzi moja, na maikromita elfu moja ndo milimita moja. Geti la shangazi lina upana wa mita 3. Alfajiri ya mwezi wa saba Kibosho chuma ni baridi cha kung'ata vidole, saa nane mchana jua likitoka huwezi kuweka kiganja, tuseme tofauti ni nyuzi 40. Piga hesabu, unapata karibu milimita moja na nusu, geti linarefuka mchana linajirudi usiku, na rangi iliyogundishwa juu yake inatakiwa ifuate kila siku ya Mungu bila kulalamika. Rangi ngumu isiyojua kufuata inapasuka nyufa ndogo ambazo huzioni, maji yanaingia, kutu inaanza kutembea kwa chini na wewe juu unaona rangi nzima. Siku inapovimba malengelenge kazi imeshaisha zamani.

Sasa kuna namna mbili za kuleta ulaini. Ya kwanza ni ya mgeni, unachanganya resini na kilainishi, vinakaa pamoja lakini havijafungwa na chochote. Ya pili ni ya ndoa, ulaini unashonwa ndani ya mnyororo wenyewe wakati resini inatengenezwa, hauwezi kuondoka mpaka mnyororo ukatike. Ukikariri hizi mbili tu, nusu ya kesi za rangi utazielewa bila kuita mtu.

Mgeni maarufu wa kwanza ni kafuri, hiihii ya kwenye sanda. Huko Marekani John Wesley Hyatt na kaka yake walipata hataza mwaka 1870 ya kuchanganya kafuri na nitroselulosi, ambayo ni pamba iliyopitishwa kwenye asidi, ikatoka seluloidi, moja ya plastiki za mwanzo kabisa. Nitroselulosi bila kafuri inakauka inakatika, ikiwa nayo inafinyangika. Ila si unaijua kafuri, iache wazi uone, inayeyukia hewani yenyewe. Ile harufu ndo kilainishi kinaaga. Miaka ya 1920 nitroselulosi hiyohiyo ikaingia kwenye magari, DuPont wakatoa Duco, General Motors wakaipulizia magari yao, na kazi ya rangi iliyokuwa inakula wiki kadhaa kusubiri vanishi zikauke ikawa ya muda mfupi, na vilainishi vikabadilishwa kuwa vizito zaidi ambavyo havirukiruki, yakiwemo mafuta ya nyonyo. Ndio, nyonyo hiihii inayoota yenyewe kwenye majalala ya Arusha na dada zetu wanapaka kwenye nywele. Baadaye zikaja thaleti, kimiminika kisicho na rangi, bei rahisi, kinachanganyika na karibu kila kitu, vikatawala dunia. Mpira wa kumwagilia maua, ndala za plastiki, koti la mvua, waya wa umeme, vyote ni plastiki inayoitwa PVC, ambayo kwa asili yake ni ngumu kama bomba la choo, tofauti ni mgeni aliyeingizwa ndani, wakati mwingine theluthi nzima ya uzito.

Na hapo meza ya shangazi imeshajieleza. Kitambaa cha plastiki ni PVC imejaa mgeni. Vanishi za haraka za fundi wa mtaani, zile za kupuliza zinazokauka chai haijapoa, nyingi ni nitroselulosi. Ukilaza kitambaa juu ya vanishi, ukaweka sahani ya ndizi ya moto juu yake kila siku, mgeni anatoka kwenye kitambaa anahamia kwenye vanishi kwasababu hana kinachomfunga kule na huku anakaribishwa vizuri. Kitambaa kinaanza kukakamaa, vanishi inaanza kulainika, vinakutana katikati vinakuwa kitu kimoja. Hamna gundi pale, hamna uchafu wala chai yenye sukari kama alivyokuwa anamtuhumu mjukuu wake. Ndo ileile inayofanya gari jipya likiachwa juani kioo cha mbele kinapata ukungu wa mafuta kwa ndani, dashibodi imemtoa mgeni.

Geti ni kesi tofauti kabisa.

Rangi niliyolipiga ni rangi ya mafuta ya kawaida, ile unayochanganya na thina unapaka kwenye geti, grili, tela, kila kitu. Resini yake inaitwa alkidi. Jina lenyewe limeokotwa kwenye alkoholi na asidi, kwasababu unapika pamoja aina ya alkoholi kama gliserini, asidi, na mafuta ya mimea kama soya au kitani. Ukiangalia vizuri ni ileile sandarusi na mafuta ya kitani, ila safari hii mafuta hayajachanganywa tu, yamefungwa kwenye mnyororo kwa kemia. Ni ndoa. Na ndo maana rangi ya mafuta inanyumbulika vizuri ikiwa mpya bila kilainishi cha pembeni.

Ila ndoa nayo inazeeka. Alkidi haikauki kwa thina kuruka tu, inakauka kwa kuvuta oksijeni, mafuta yake yanashikana mikono moja na nyingine, na ndo maana kwenye kopo kuna chumvi za kobalti za kuharakisha, na ndo maana ukipaka nene juu inakauka chini bado maji, inakunjamana. Tatizo ni kwamba haijui kuacha. Inaendelea kuvuta oksijeni mwezi baada ya mwezi, mikono inazidi kushikana, baada ya miaka kadhaa kile kilichokuwa ulaini kimekuwa ugumu, na jua letu linasaidia. Arusha mjini tuko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, karibu kabisa na ikweta, na miale mikali ya jua inaongezeka kama asilimia 10 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Tanga wana chumvi, sisi tuna jua, kila mtu na msalaba wake.

Lakini miaka miwili ni michache sana kwa uzee, na uzee ungekamata fremu pia. Nilichofanya ni ujinga wangu mwenyewe, niliweka shiti za zinki, yani bati la chuma lililopakwa zinki, katikati nikidhani namfanyia shangazi kazi bora isiyoshika kutu. Fremu ni chuma cheusi cha kawaida. Sasa mafuta yaliyoko kwenye alkidi yakikutana na zinki na unyevunyevu, yanafanya kitu ambacho bibi zetu waliokuwa wanachemsha mafuta na majivu wangekitambua mara moja, yanageuka sabuni. Sabuni ya zinki. Utando mwembamba unajitengeneza kati ya rangi na bati, haushiki huku wala kule, rangi juu inaonekana nzima kabisa mpaka siku kuku akiparuza au mtoto akipiga mpira, inafunguka yote. Kumbe ile rangi haikuwa feki kama nilivyoanza kumlaumu moyoni yule aliyeniuzia. Resini nzuri nimeipeleka mahali ambapo mwenyeji wake anamla. Ukipaka rangi ya mafuta kwenye plasta mbichi ya saruji unapata kesi hiyohiyo, chokaa inafanya kazi ya majivu.

Watu wakisikia hivi wanaruka moja kwa moja kwenye epoksi, "basi nipigie epoksi yamalize". Epoksi ni kitu kizuri kweli, mimi naiheshimu, ila nayo ina tabia zake. Inakuja makopo mawili, resini kopo moja na hadina, yani kigumishi chake, kopo lingine, ukichanganya vinaanza kushonana na hapo saa imeanza kuhesabu, hazikaushwi na hewa, zinakaushana zenyewe. Ukichanganya nyingi kwenye ndoo moja ukaiacha inapata joto mpaka inafuka moshi, nimeshaona kijana wangu anaitupa nje anakimbia. Ikishashonana ni ngumu, inashika chuma kama imezaliwa nacho, na kwa kuwa haina yale mafuta, sabuni ya zinki haitengenezeki.

Ugumu ule ndo shida ilipo, na hapa hadina ina maana kuliko resini yenyewe. Hadina zenye molekuli fupifupi zinashona vifundo vingi karibukaribu, unapata kitu kigumu kinachostahimili kemikali ila kikipata kipigo kinapasuka. Hadina za poliamaidi zimetengenezwa kwa asidi za mafuta ya mimea, zina mikia mirefu, vifundo vinakaa mbalimbali, rangi inanyumbulika na maji inayakataa vizuri, hiyo ni ndoa tena. Na kuna hadina moja ambayo kila nikiifikiria naona aibu kidogo kwa niaba ya nchi nzima. Inatokana na korosho. Yale mafuta meusi ya kwenye ganda, yanayobabua vidole ukibangua kienyeji, ndani yake mna kitu kinaitwa kadanoli, pete ya kemikali yenye mkia wa kaboni 15 unaoning'inia. Wanaigeuza kuwa hadina, na ule mkia unakuwa kilainishi kilichoshonwa kabisa, hauhami, hauruki, unayasukuma maji nje, na inakauka hata kwenye baridi na unyevu ambapo hadina nyingine zinagoma. Wanapaka meli nayo. Korosho zetu za Mtwara na Lindi nyingi zinaondoka na maganda yake, tunarudishiwa hadina kwenye kopo kwa bei ya kopo. Sandarusi ilifanywa hivyohivyo.

Epoksi nyingine, hasa zile nzito zisizo na thina za sakafu na za ndani ya matenki, zinalainishwa na mgeni, na mara nyingi mgeni mwenyewe ni benzili alkoholi. Inasaidia rangi itembee, inaharakisha kushonana, sakafuni karakana haina neno. Ila kwenye tenki la chakula inakuwa hadithi, watengenezaji wa mvinyo huko nje walishaikuta kwenye matenki yaliyopakwa vibaya, benzili alkoholi inahamia kwenye mvinyo na inageuka kitu chenye ladha chungu ya lozi. Fikiria mbege ya harusi ina harufu ya lozi, wazee wangekufukuza kijiji. Kwa hiyo mtu akikuambia epoksi ni epoksi tu paka ndani ya tenki la maji ya kunywa, muulize imeandikwa inafaa kwa maji ya kunywa au la, na iache ikomae siku zote zilizoandikwa kwenye karatasi yake, sio keshokutwa umeshajaza.

Tabia nyingine ya epoksi ni kuogopa jua. Haitoki, ila uso wake unageuka unga kama chaki, unapitisha mkono unatoka mweupe. Ndo maana kazi za maana nje zinamaliziwa na rangi za resini nyingine, poliurithani au akriliki, epoksi inabaki chini kushika chuma. Wenye gereji za magari ya utalii wanajua, ile klia, vanishi angavu ya makopo mawili juu ya bodi, ni poliurithani. Hadina yake ni isosayaneti na hapo sitanii, ukiivuta wakati unapuliza inaweza kukupa pumu ambayo haiondoki tena, ukishaizoea kwa ubaya hata harufu kidogo tu kifua kinabana. Vijana wanapuliza wamefunga kitambaa puani kama wanaenda shambani kunyunyiza dawa. Kitambaa hakizuii mvuke, kinazuia vumbi basi. Na kopo la hadina ukiliacha wazi usiku mmoja wa mvua linaganda, kwasababu isosayaneti inashikana na maji ya hewani na kutoa kaboni dayoksaidi, ndo vile vitundu unavyoviona kwenye klia iliyopigwa siku ya manyunyu.

Wageni nao wana kesi zao za kiafya. Thaleti kadhaa zimeonekana kuvuruga mambo ya uzazi, Umoja wa Ulaya walizizuia kwenye midoli ya watoto kwa muda mwaka 1999 halafu moja kwa moja kwa sheria ya 2005. Kwenye rangi za raba yenye klorini, zile walizokuwa wanapenda kwenye mabwawa ya kuogelea na matenki, mgeni alikuwa parafini zenye klorini, na zile za mnyororo mfupi ziliingizwa mwaka 2017 kwenye orodha ya Mkataba wa Stockholm ya kemikali za kuondolewa duniani kwasababu haziozi na zinajilimbikiza kwenye miili ya viumbe. Mgeni anayehama kwenye rangi lazima aende mahali, na mara nyingi mahali penyewe ni vumbi la nyumbani kwako.

Kuna mgeni mwingine ambaye hayuko koponi, anatiwa na fundi. Mafuta ya taa. Thina imeisha, hela ya mteja imeisha, anamimina mafuta ya taa kwenye rangi ya mafuta, inateleza vizuri, mteja anaona inang'aa. Mafuta ya taa yanaruka polepole sana, mengine yananaswa ndani, rangi inabaki inanata wiki nzima, vumbi lote la Kwa Mrombo linakuja kukaa juu yake. Petroli ni upande mwingine wa ujinga huohuo, inaruka haraka mno, rangi haipati muda wa kujilaza, na siku mtu akiwasha sigara karibu na kopo hamtabishana tena kuhusu rangi.

Nikarudi Kibosho mwezi wa tisa na kijana wangu mmoja, tukakwangua shiti zote mpaka nyeupe, tukaziosha kwa maji ya sabuni tukazisuuza sana, tukapitisha msasa mwepesi bila kuimaliza zinki, fremu tukaisugua tu ipoteze mng'ao. Safari hii nikachagua akriliki ya maji, ile ya kupakia mabati ya paa. Kwenye akriliki wanashona sehemu ngumu na sehemu laini kwenye mnyororo mmoja, wanapima kabisa kiasi gani cha hiki na kile, haina mafuta ya kugeuka sabuni. Ina mgeni mmoja tu mdogo, huyo kaletwa makusudi aondoke, anavilainisha vile vipunje vya resini vishikane vikiwa vinakauka halafu anaruka. Kwenye baridi kali vipunje vinagoma kushikana hata akiwepo, rangi inakauka inapasuka kama tope la mtoni. Kwa hiyo tulisubiri saa nne umande ukauke vizuri, kanuni ya wapaka rangi za viwandani ni joto la chuma liwe juu ya kiwango cha umande, yani joto ambalo umande unaanza kutokea, kwa nyuzi 3 angalau na unyevu wa hewa usizidi asilimia 85, na saa tisa tukaacha brashi hata kama jua lilikuwa bado linadanganya.

Meza aliipeleka kwa fundi mwingine akaipiga upya, saivi ametandika vile vitambaa vya kufuma vya uzi.

Krismasi nilipopanda tena geti lilikuwa safi. Mjukuu alikuwa amemaliza kumwagilia mboga, mpira wa maji ameuzungusha juu ya geti mara nne vizuri kabisa upigwe na jua. Nikautoa nikaenda kuutundika kwenye mgomba. Shangazi alikuwa mlangoni ananiangalia, akaniuliza, "Haya, na huo nao umekosa nini?"